Mtakatifu Alfonso na changarawe ndani ya kiatu



Kuna kijana mmoja utamkuta karibu kila parokia. Ametoka kuungama sasa hivi, hajafika hata kwenye benchi kutimiza malipizi yake, tayari anajiuliza: hivi nilitaja idadi sawasawa? Padre alinielewa? Ile dhambi ya mwisho niliieleza vizuri au niliipitia juu juu? Basi anarudi kwenye foleni. Jumapili hathubutu kukomunika kwa sababu alikunywa maji njiani, ingawa Kanisa linafundisha wazi kwamba maji hayavunji mfungo wa Ekaristi. Rozari anaikatisha kwenye tendo la tatu na kuianza upya, eti mawazo yalihama. Rafiki zake wanamwona mtakatifu. Mwenyewe usiku hapati usingizi.

Walimu wa maisha ya kiroho wana jina la hali hiyo. Kwa Kilatini walitumia neno lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha, kama changarawe iliyoingia ndani ya kiatu. Changarawe ni kitu kidogo sana, lakini mwenye kiatu hawezi kutembea. Kwa Kiswahili tunaweza kusema wasiwasi wa dhamiri.

Mimi ni frateri, bado sijapewa daraja la upadre, kwa hiyo siungamishi mtu. Lakini vijana wananiuliza maswali ya namna hii mara nyingi, na kila nikiulizwa namkumbuka mtu mmoja wa Napoli, Italia, aliyezaliwa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Alikuwa wakili, akawa padre, akaanzisha shirika, akawa askofu, na leo ni Mwalimu wa Kanisa. Changarawe hiyo aliijua vizuri kuliko wengi wetu, maana alitembea nayo tangu ujana hadi uzee. Huyo ni Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori. Hebu tumfuate hatua kwa hatua.

Kijana asiyepitwa na kitu

Alfonso alizaliwa tarehe 27 Septemba 1696 huko Marianella, karibu na mji wa Napoli. Baba yake, Giuseppe, alikuwa ofisa katika jeshi la majini la ufalme, mtu wa amri na nidhamu. Mama yake, Anna, alikuwa mtu wa sala. Alfonso alikuwa mtoto wao wa kwanza, na baba alikuwa ameshampangia maisha yote. Alisomeshwa nyumbani na walimu wa kukodiwa. Akajifunza lugha, hesabu, uchoraji na muziki. Inasimuliwa kwamba baba alimtaka afanye mazoezi ya kinanda saa tatu kila siku, na wakati mwingine alimfungia chumbani na mwalimu wake ili asikwepe. Kinanda kilimkaa kweli kweli. Hadi leo Waitaliano wanaimba wimbo wa Krismasi aliotunga yeye.

Mwaka 1713, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alipata udaktari wa sheria zote mbili, ya serikali na ya Kanisa. Kwa kawaida wenzake walifikia hapo wakiwa wakubwa zaidi. Wanasimulia kwamba joho la udaktari lilimmeza, kwa jinsi alivyokuwa mdogo, na watu waliokuwepo wakacheka. Lakini alipoanza kazi mahakamani hakuna aliyeendelea kucheka. Inasemwa kwamba kwa miaka kama minane hakushindwa kesi hata moja.

Wakili mzuri anaishi kwa mambo madogo. Nukta mahali pasipo pake, tarehe moja, neno moja kwenye hati, vyote vinaweza kuhamisha shamba kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Jicho la Alfonso lilifunzwa kuona hayo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa.

Hati moja, mwaka 1723

Mwaka 1723 alipewa kesi kubwa. Upande mmoja alikuwa mtawala wa jimbo la Toscana, upande wa pili mtukufu wa ukoo wa Orsini, ambaye Alfonso alimtetea. Mali iliyogombewa inakadiriwa kuwa ya thamani ya ducat 500,000, fedha ya kutisha kwa wakati ule. Alfonso aliisoma kesi nzima, akaandaa hoja, akasimama mahakamani akazungumza kwa ufasaha. Alipomaliza, wakili wa upande wa pili hakuhangaika kujibu hoja. Alimwomba tu aitazame upya hati moja.

Alfonso alikuwa ameisoma hati hiyo mara nyingi. Lakini kila aliposoma, aliielewa kinyume. Swali lilikuwa ardhi ile inahesabiwa chini ya sheria ipi kati ya sheria mbili za zamani, na jibu lilikuwemo pale pale kwenye karatasi mbele ya macho yake. Kesi ikaanguka. Wapo wanaohisi kwamba nyuma ya hukumu kulikuwa pia na mkono wa wakubwa, lakini kwa Alfonso aibu ilikuwa ya jicho lake. Alikwenda nyumbani, akajifungia chumbani siku tatu, akakataa chakula.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mtu aliyejenga heshima yake yote juu ya kutokukosea, anapokosea mara moja, huona nyumba yote imeanguka. Ukimwona kijana anayelia kwa sababu ya alama mbili zilizopungua kwenye mtihani, usimcheke. Halilii alama. Analilia ile picha aliyokuwa nayo ya mtu asiyekosea.

Alipotoka chumbani, Alfonso aliacha kabisa kazi ya mahakama. Alikuwa na desturi ya kwenda kuwahudumia wagonjwa kwenye hospitali ya Napoli iliyoitwa ya Wasiopona. Mwezi Agosti mwaka ule ule, akiwa pale kati ya wagonjwa, alijisikia Mungu anamwita aache yote na ajitoe kwake. Akaenda katika kanisa la Bikira Maria, akavua upanga wake, ile alama ya ukoo wa kitukufu, akauweka altareni. Baba yake alikasirika sana. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba 1726 Alfonso alipewa upadre akiwa na miaka 30.

Wakili anayejishtaki mwenyewe

Ungetegemea kwamba baada ya hapo amani ingemjaa. Wapi! Alibadilisha kazi, jicho halikubadilika. Lile jicho la kutafuta nyufa kwenye hati za watu likageuka ndani, likaanza kusoma hati ya moyo wake mwenyewe. Na moyo, tofauti na hati, hauna ukurasa wa mwisho. Hivi nilikubali lile wazo au lilinipitia tu? Nilisali kwa nia safi au kwa kutaka kuonekana? Alikuwa mwendesha mashtaka, mshtakiwa na hakimu kwa wakati mmoja. Kesi ya namna hiyo haiishi.

Alikuwa na daftari lake dogo la mambo ya dhamiri. Humo aliandika mashaka yake, na pembeni ya mashaka aliandika maagizo ya waongozi wake wa kiroho: usirudie hili, usichunguze lile, endelea mbele. Mwongozi wake wa kwanza alikuwa padre Tommaso Pagano, na baadaye wakafuata wengine. Alfonso alijifunga kuwatii. Yaani mtu mwenye udaktari wa sheria, ambaye alizijua hoja za pande zote kuliko hao waliomwongoza, alikubali kwamba katika kesi moja tu, kesi yake mwenyewe, hafai kuwa hakimu.

Naona hapa ndipo penye ufunguo wa maisha yake yote. Hakuambiwa aache kuwa makini, wala hakuambiwa dhambi si kitu. Aliambiwa amkabidhi mtu mwingine hukumu ya nafsi yake, na umakini wake aupeleke mahali unapohitajika.

Wachungaji wa mbuzi na vitabu vya sheria

Mahali unapohitajika palikuwa wapi? Kwanza vichochoro vya Napoli. Alfonso aliwakusanya jioni watu wa kipato cha chini kabisa, wasio na kazi ya kudumu, wauza vitu vidogo vidogo, akawafundisha kusali na kuishi Injili. Vikundi hivyo viliitwa vikanisa vya jioni na viliongozwa na walei wenyewe. Alipokufa vilikuwa zaidi ya 70. Wanaozifahamu jumuiya zetu ndogo ndogo wanaweza kuipata picha.

Kisha, mwaka 1730, alikwenda kupumzika kwenye milima ya Scala, juu ya pwani ya Amalfi, kwa sababu afya ilikuwa imechoka. Huko akakutana na wachungaji wa mbuzi na kondoo ambao hakuna padre aliyewafikia. Hawakujua hata mambo ya msingi ya imani. Napoli mjini mapadre walijaa tele, na milimani hapakuwa na mtu. Tarehe 9 Novemba 1732, pale pale Scala, alianzisha shirika la wamisionari wa kuwahudumia maskini walioachwa, ambalo leo linajulikana kama Shirika la Mkombozi Mtakatifu Sana. Papa Benedikto XIV aliliidhinisha mwaka 1749.

Sasa, kumbuka alichofundishwa Alfonso alipokuwa mwanafunzi wa teolojia. Vitabu alivyosomeshwa vilikuwa vikali. Ulikuwa wakati ambapo mafundisho ya Wajanseni yameenea Ulaya: Mungu alichorwa kama mkaguzi, watu wakazuiwa kukomunika kwa miezi, na padre aliyenyima maondoleo ya dhambi alionekana ndiye padre makini. Alfonso alianza akiwa upande huo wa ukali. Lakini aliketi kwenye kiti cha maungamo, akawasikiliza wakulima, wachungaji na wanawake waliotembea kutwa nzima kuja kwenye misioni. Akaona kwamba ukali ule hauwafanyi watakatifu. Unawafanya wakate tamaa na kutorudi tena.

Basi lile jicho la wakili likapata kazi yake halisi. Mwaka 1748 alitoa toleo la kwanza la kitabu chake kikubwa cha teolojia ya maadili. Alikirekebisha na kukipanua kwa miaka mingi, hadi kikafikia matoleo tisa akiwa bado hai. Ndani yake amepima kesi baada ya kesi, maoni ya mwalimu huyu dhidi ya mwalimu yule, kwa uvumilivu wa ajabu. Ukikifungua utasema huyu mtu anachagua vitu vidogo mno. Ni kweli, alifanya hivyo. Lakini tazama kwa faida ya nani: alipima mambo madogo ili padre kijijini asimtwishe mkulima mzigo ambao Mungu hakumtwisha.

Wazo lake kuu nitalieleza kwa lugha nyepesi. Sheria ni lazima itangazwe ili imfunge mtu. Kama baada ya kuchunguza kwa uaminifu bado hakuna uhakika kwamba sheria fulani ipo, na hoja za pande mbili zina uzito ulio sawa au karibu sawa, basi sheria hiyo yenye mashaka haiwezi kukufunga kama vile ingekuwa na uhakika. Uko huru. Hakusema ufuate maoni yoyote yanayokupendeza, hata kama ni dhaifu. Alikataa ulegevu kama alivyokataa ukali. Alisimama katikati, na pale katikati alipigwa mawe na pande zote mbili.

Kwenye falsafa tulisoma kwamba Aristotle alikwisha kuonya juu ya jambo hili katika kitabu chake cha maadili: mtu aliyeelimika hatafuti usahihi wa kihesabu kwenye mambo yasiyo ya hesabu. Fundi seremala na mwanajiometri wote wanaitazama pembe mraba, lakini kila mmoja kwa kiwango kinachofaa kazi yake. Maisha ya kimaadili yanatupa uhakika wa kutosha kutenda, hayatupi uhakika wa kujumlisha namba. Kijana anayedai ajue kwa asilimia mia kwamba toba yake ilikuwa kamili anaomba kitu ambacho maumbile ya jambo lenyewe hayakitoi. Na aking'ang'ania, yatampata ya mchagua nazi, ambaye hupata koroma. Atakosa hata ile amani ya kawaida aliyokuwa amepewa bure.

Kwa wenye dhamiri ya wasiwasi Alfonso alitoa ushauri maalumu, uliotoka kwenye vitabu na kwenye daftari lake pia. Mtii muungamishi wako. Usirudie maungamo ya zamani akishakukataza. Kama huna uhakika kabisa kwamba ulikubali dhambi ya mauti, na wewe ni mtu unayeiogopa dhambi, basi chukulia kwamba hukukubali. Na pale wasiwasi unapokuambia simama, wewe pita juu yake uende. Nisisitize, ushauri huu anaupewa mwenye wasiwasi. Mwenye dhamiri iliyolala usingizi anahitaji dawa tofauti, na muungamishi ndiye anayejua nani apewe ipi.

Askofu aliyeuza gari

Mwaka 1762, akiwa na umri wa miaka 65, Papa alimteua kuwa askofu wa Sant'Agata dei Goti. Hakutaka, akakubali kwa utii. Mara ikaja njaa kubwa ya mwaka 1763 na 1764. Askofu Alfonso akauza gari lake la farasi na vitu vyake vya thamani ili kununua chakula cha watu. Alifuatilia mafundisho ya seminari na namna mapadre wake wanavyoadhimisha Misa, maana Misa ya harakaharaka ilimkera sana. Alidai mahubiri yawe mepesi, hata bibi kizee asiyejua kusoma atoke kanisani na kitu.

Mambo madogo tena, unaona? Neno gumu kwenye mahubiri ni kitu kidogo. Kwa yule bibi ni mlango uliofungwa.

Mwaka 1768 ugonjwa wa baridi yabisi ulimshika vibaya sana. Shingo ilipinda hadi kidevu kikagandamana na kifua na kuleta kidonda. Ilibidi anywe kwa mrija, na Misa aliweza kuiadhimisha kwa kusaidiwa tu. Aliendelea na uaskofu hadi mwaka 1775, ndipo Papa Pio VI akamruhusu kupumzika. Akarudi kwa wanashirika wake huko Pagani.

Sahihi ya mzee

Sasa inakuja sehemu ambayo kila nikiisoma nanyamaza.

Shirika lilikuwa na idhini ya Papa, lakini serikali ya Napoli ilikuwa haijaitambua kanuni yake. Wakati huo wafalme waliingilia mambo ya Kanisa kwa kila njia. Mmoja wa mapadre wa shirika alitumwa kushughulikia kibali hicho. Katika mazungumzo na watu wa serikali, kanuni ikabadilishwa mambo ya msingi kabisa, hata yaliyohusu nadhiri. Hati ikaletwa kwa Alfonso. Alikuwa na umri wa miaka 80 na zaidi, kiziwi, macho yamefifia, na hati yenyewe ilikuwa na maandishi madogo yaliyojaa mafuto. Msaidizi wake akamhakikishia kwamba yote ni sawa. Alfonso akamwamini. Akaweka sahihi.

Mwaka 1780 hati ikapitishwa na mfalme, na ukweli ukajulikana. Roma ikakasirika. Papa Pio VI akaamua kwamba nyumba za shirika zilizoko katika ufalme wa Napoli zimejitoa kwenye shirika. Mkuu mwingine akawekwa kwa nyumba zilizoko katika maeneo ya Papa. Maana yake ni kwamba Alfonso, mwanzilishi, alijikuta nje ya shirika alilolianzisha yeye mwenyewe.

Fikiria. Mwaka 1723 alianguka kwa sababu ya hati ambayo hakuielewa. Mwaka 1780 akaanguka tena kwa sababu ya hati ambayo hakuweza kuisoma. Kati ya hizo mbili kuna maisha ya miaka 57 ya mtu makini kupita kiasi. Jicho kali kuliko yote Napoli halikumwokoa mara ya kwanza, na mara ya pili halikuwepo kabisa.

Lakini linganisha alivyopokea. Mara ya kwanza alijifungia siku tatu bila kula. Mara hii, mzee aliyepinda shingo alilia na kuteseka, ila aliukubali uamuzi wa Papa kama mapenzi ya Mungu, akawasihi wenzake wamtii Papa na kumwombea. Kosa la hati lilikuwa kubwa zaidi kuliko lile la kwanza, lakini safari hii halikuivunja nyumba, kwa sababu nyumba haikujengwa tena juu ya kutokukosea.

Giza la mwisho

Ningependa kukuandikia kwamba changarawe ilitoka. Haikutoka. Miaka michache kabla ya kifo, wasiwasi wa dhamiri ulirudi kwa nguvu mbaya, pamoja na majaribu dhidi ya imani. Mtu aliyeandika vitabu zaidi ya 100, aliyewatuliza maelfu, aliyeandika juu ya matumaini na huruma ya Mungu, aliona hofu kwamba yeye mwenyewe amepotea. Alijua hoja zote za kumtuliza mtu wa namna hiyo, maana alizitunga yeye. Hazikumsaidia. Kilichomsaidia ni kile kile cha ujanani: alimtafuta padre aliyekuwa karibu, akamweleza, akaambiwa atulie, akatii. Dakika chache baadaye dhoruba inarudi, anauliza tena, anatii tena.

Mwishoni dhoruba ilipita na akapata utulivu. Alifariki tarehe 1 Agosti 1787, mchana, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, zimebaki wiki chache atimize miaka 91. Alikufa akiwa bado nje ya mamlaka ya shirika lake. Miaka michache baadaye matawi yakaungana tena. Na Papa yule yule, Pio VI, ndiye aliyekuwepo Roma mwaka 1796 Alfonso alipotangazwa Mheshimiwa. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1839 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1871. Mwaka 1950 Papa Pio XII akamfanya msimamizi wa waungamishi na wanateolojia ya maadili. Mtu ambaye dhamiri yake ilimtesa ndiye Kanisa lilimchagua awasimamie wanaotuliza dhamiri za wengine.

Kwa hiyo tufanyeje?

Vijana wenzangu, sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba mambo madogo hayana maana. Yesu alimsifu aliye mwaminifu katika lililo dogo. Ni Yesu huyo huyo aliyewakemea wanaotoa zaka ya mnanaa na kusahau huruma, wanaochuja mbu na kumeza ngamia. Jambo dogo ni lile lile. Swali ni unalishika kwa ajili ya nani.

Kama unarudia kuipiga pasi alba ya padre ili Misa ya Mungu ipendeze, huo ni upendo. Kama mwanakwaya anasahihisha sauti moja ili wote waimbe vizuri, huo ni upendo. Kama unahesabu Salamu Maria zako upya mara nne ili ujihakikishie kwamba Mungu hana neno juu yako, hapo Mungu ameshatoweka kwenye sala na umebaki wewe na hesabu zako. Kipimo changu ni hiki: umakini wa upendo unamaliza kazi na kusahau. Umakini wa woga haumalizi.

Kwa yule kijana wa foleni ya kitubio nina maneno matatu tu. Chagua muungamishi mmoja, usizunguke parokia tano ukitafuta atakayekupa jibu unalolitaka. Akikuambia imetosha, basi imetosha, hata kama moyo unapiga kelele. Na kama wasiwasi huu unakunyima usingizi, unakuzuia kusoma au kufanya kazi, mwone pia daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Hilo si upungufu wa imani. Alfonso alikunywa dawa za baridi yabisi bila kudhani anamkosea Mungu.

Usisubiri changarawe itoke ndipo uanze kutembea. Alfonso alitembea nayo toka Napoli hadi Scala, toka Scala hadi Sant'Agata, na wachungaji wa mbuzi waliipata Injili kwa miguu hiyo hiyo iliyochomwa.

Tuombe: Ee Mungu, uliyempa Mtakatifu Alfonso jicho la kuona yaliyo madogo na moyo wa kuwatii wengine, utufundishe kuwa makini kwa ajili ya wenzetu na wapole kwa nafsi zetu. Utuondolee hofu inayotufunga, utuachie ile heshima inayotuleta kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori, utuombee.